Picha ya Rais wa Jana Haijibu Maswali ya Salamabila

Wananchi wa Salamabila, nanyi wa Kasongo na Kabambare nzima, uchaguzi wa 2028 ungali mbali, lakini wanaotamani viti hawangoji. Wapo wanaopima tangu sasa kama itawafaa kupanda jukwaani na jina la rais wa zamani Joseph Kabila. Kwetu kishawishi hicho kina mizizi: mama yake, Sifa Mahanya, ni Mbangubangu wa Maniema, na mjomba hawezi kumkana mpwa wake. Hata hivyo nasema mapema: mgombea atakayefanya hivyo atajiumiza, na hata akishinda atawaumiza waliomchagua.

Ushahidi wa kwanza tunao nyumbani. Tarehe 8 Agosti 2018 Kabila, ambaye muhula wake ulikuwa umekwisha tangu Desemba 2016, alimteua Emmanuel Ramazani Shadary, mtu wa Maniema hii hii, agombee urais kwa jina la muungano wake, FCC. Shadary alikuwa na chama na fedha, na dola nyuma yake. Alichokosa ni nafasi ya kusema yeye mwenyewe ni nani, maana kila alikopita aliitwa mrithi wa Kabila. Aliulizwa juu ya miaka miwili ya uchaguzi kuahirishwa na juu ya waandamanaji waliouawa. Na kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani, tena Umoja wa Ulaya ulimwekea vikwazo Mei 2017, hakuwa na pa kujitenga. Tume ya uchaguzi, CENI, ilimpa asilimia 23.84, nafasi ya tatu. Kanisa Katoliki lilisema hesabu ya CENI haikulingana na yale waliyoyaona waangalizi wake, lakini hakuna hesabu yoyote, ya CENI wala ya wapinzani, iliyomweka Shadary karibu na ushindi.

Hapo mtu atanikatiza: mbona FCC hiyo hiyo ilipata viti zaidi ya 300 kati ya 500 vya Bunge? Ni kweli, ingawa viti hivyo navyo vilinung'unikiwa sana. Lakini tazameni jinsi vilivyotafutwa. FCC ilikuwa mkusanyiko wa vyama vingi, na mgombea ubunge katika teritori alijinadi kwa jina lake, ukoo wake na ahadi zake. Penye sura ya Kabila mbele, kura zilipungua. Penye sura ya mtu wa mahali, zilikuja. Na wabunge wenyewe walilijua hilo, kwani Desemba 2020 Rais Félix Tshisekedi alipovunja ushirikiano na FCC, wengi walihamia upande wake bila hata kuaga.

Kenya inasimulia habari ileile. Mwaka 2002 Rais Daniel arap Moi alimbeba Uhuru Kenyatta baada ya kutawala miaka 24, na mpinzani wao Mwai Kibaki akapata karibu mara mbili ya kura za Uhuru. Mwaka 2013 Uhuru yule yule aligombea bila Moi mgongoni, akashinda. Kisha mwaka 2022 akasahau somo, akamnadi Raila Odinga kwa watu wa kwao Mlima Kenya. Nao kwa wingi wakamchagua William Ruto.

Pingamizi lililo zito zaidi linatoka Afrika Kusini. Mwaka 2024 chama cha MK, kilichosimama juu ya jina la rais wa zamani Jacob Zuma, kilipata asilimia 14.58 ya kura za taifa, na kule KwaZulu-Natal kilitangulia vyama vyote. Sikatai nguvu hiyo. Ila iliishia wapi? Iliiangusha ANC, chama tawala, chini ya nusu, kisha wengine wakaungana, na MK haikupata serikali ya taifa wala ya jimbo lile. Jina la namna hiyo huwakusanya wanaolipenda na papo hapo huwaunganisha wanaolichukia. Kwetu ambako waasi wa Malaika na jeshi wameshapigana mara nyingi, na ambako wananchi hukimbia vijiji, sioni faida ya kuongeza mgawanyiko mwingine.

Wengine watasema kunyamaza juu ya Kabila ni kukosa shukrani. Mshukuruni kwa uchaguzi wa 2006, mkitaka. Hilo halihitaji bango. Bango ni jambo jingine, hasa baada ya yeye kuonekana Goma Mei 2025, mji ukiwa mikononi mwa waasi wa M23, na baada ya mahakama kuu ya kijeshi kumhukumu kifo akiwa hayupo tarehe 30 Septemba mwaka huo. Watu wake wanaiita hukumu ya kisiasa. Huenda, lakini mgombea wa Kabambare atatumia siku zote za kampeni akiifafanua hukumu hiyo, na dhahabu ya mgodi wa Namoya haitatajwa.

Na Namoya ndiyo kesi yetu. Kampuni ya Banro ilianza kuzalisha dhahabu huko kibiashara Januari 2016, ikasimamisha kazi Septemba 2019 kwa ukosefu wa usalama. Nani alilipwa, wachimbaji wadogo waende wapi, barabara ya Kasongo itengenezwe na nani? Kijana atakayetimiza miaka 18 mwaka 2028 alikuwa na miaka minane au tisa Kabila alipotoka madarakani. Atauliza maswali hayo, na atamtaka mgombea aliye mbele yake ayajibu.