Tabaka si Wakati

Wapo waundaji wa programu za uchoraji wa kompyuta wanaoshikilia kwamba mchoraji atakaye picha zake zitembee hana haja ya chombo kipya: matabaka anayo, basi kila tabaka na lihesabiwe kuwa picha moja ya mfululizo. Naipinga hoja hii, kwa kuwa inachanganya mambo mawili ambayo sanaa ya katuni ilineemeka ilipoyatenganisha, yaani mahali na wakati.

Tabaka ni mfano wa karatasi angavu iliyolazwa juu ya nyingine: chini mandhari, juu yake rangi, juu kabisa mistari ya umbo. Latwambia kipi kiko mbele na kipi nyuma. Photoshop ilipoleta matabaka mwaka 1994, mchoraji alipata uhuru wa kurekebisha kitu kimoja bila ya kuharibu kingine. Fremu ni habari nyingine kabisa. Hiyo yatwambia kipi chatangulia na kipi chafuata.

Na tuhesabu. Filamu huenda kwa fremu 24 kila sekunde, na ni desturi kuuacha kila mchoro ukae fremu mbili. Hivyo sekunde 5 zahitaji michoro 60. Mistari, rangi na kivuli vikiwekwa mbalimbali, tumefika matabaka 180, na mandhari bado. Katika GIMP, kazi inapotolewa kama GIF, kila tabaka hugeuka fremu. Mchoraji hana budi kuyaunganisha yale matatu kuwa moja, na ule uhuru wake umekwenda. Akichagua fremu zilundikane, mandhari hubaki kweli, lakini na mguu uliokwisha kuinuliwa nao hubaki pale pale ulipokuwa.

Kosa hili lina umri mkubwa kuliko kompyuta. Katika Gertie the Dinosaur, filamu ya 1914, Winsor McCay alimchora mnyama, na msaidizi wake, John Fitzsimmons, akawa anarudia mandhari ile ile, karatasi kwa karatasi, kwa maelfu. Mwaka huo huo Earl Hurd aliomba hataza ya kuchora kinachosogea juu ya plastiki angavu, ili kisichosogea kichorwe mara moja tu. Programu inayolifanya tabaka kuwa fremu inamrudisha mchoraji kwenye kiti cha Fitzsimmons.

Watasema: mchoraji ameshazoea matabaka, ya nini kumtwisha elimu mpya? Nami niliyejifundisha mwenyewe naujua uzito wa elimu isiyo na mwalimu. Lakini anayejifunza kutunga hatumwambii kwamba vina na mizani ni kitu kimoja ili tumpumzishe. Wepesi wa siku ya kwanza hauwi wepesi ukilipiwa kwa taabu ya siku zote.

Wala tusiambiwe kwamba haiwezekani. Krita, katika toleo lake la 3.0 la mwaka 2016, ililipa kila tabaka fremu zake. Mandhari huwa na fremu moja idumuyo mpaka mwisho. Mistari huwa na 60. Rangi na kivuli hufuata mwendo wao. Na mchoro uliotangulia huweza kuonekana kwa ufifi chini ya ule unaochorwa, mkono ukajua unatoka wapi. Matabaka manne yametosha pahala pa 180.

Krita na GIMP zote ni za bure, na hapo ndipo uzito wa jambo ulipo. Kijana asiye na fedha ya leseni hana shule nyingine ila programu za namna hiyo. Chombo kikimshinda, hadhani kwamba kimeundwa vibaya. Hudhani kwamba yeye hana kipaji, akaweka kalamu chini.

Basi kila aundaye programu ya namna hii kwanza autie wakati ndani ya tabaka; mchoro udumu mpaka uje mwingine; mandhari irekebishwe mara moja na badiliko lionekane kote. Madoido na yangoje zamu yao.