Nani Kakwambia Kijana Ana Kikomo cha 90?

Wadau, nimekuwa kimya majuma kadhaa. Kazi za watu zilinibana, na stima ya hapa Voi mnaijua wenyewe. Leo narudi nikiwa nimekasirika, na aliyenikasirisha hana mwili wala jezi. Ni mchezaji wa hoki ya barafu, umri miaka 16, na maisha yake yote yamo ndani ya faili moja kwenye kompyuta ya dada yangu.

Mwenye mchezaji ni mpwa wangu, yuko kidato cha tatu. Shuleni anacheza hoki, hii yetu ya uwanjani, ya michezo ya muhula wa kwanza. Barafu anayoijua yeye ni ile ya mfuko, ya kunyonya njiani ukitoka shule. Likizo hii akapata kwa rafiki yake mchezo wa kompyuta wa kusimamia timu za hoki ya barafu, ule ambao hushiki fimbo wala nini, unasoma majedwali tu na kupanga kikosi. Akafungua kihariri cha mchezo, akatengeneza mchezaji mwenye jina lake mwenyewe, mahali pa kuzaliwa akaandika Voi, Kenya, akamtupa katika ligi ndogo kabisa huko Marekani. Ligi ndogo, kwa wasioijua, ndiko vijana wanakopikwa. Safari ndefu za basi, mishahara ya kubahatisha, na juu yako kuna ligi nyingine, na juu ya hiyo ndiyo NHL.

Msimu wa kwanza dogo akapangwa katika safu ya nne, dakika 6 kwa mechi yenye dakika 60. Sawa, mgeni hana haraka. Msimu wa pili, dakika 6. Msimu wa tatu akaachwa. Mpwa wangu alikuwa amembadilishia mazoezi, amemtafutia kocha mzuri, amemuuza kwa timu yenye nafasi. Hakuna kilichosogea. Akaniita: "Mjomba, hebu nisaidie, hii programu ina kasoro." Nikafungua faili la mchezaji kwa kihariri, na hapo ndipo nilipoiona. Kulikuwa na namba ambayo skrini ya kawaida haiionyeshi: uwezo wa mwisho, 90 kati ya 200. Mpwa wangu alikuwa ameacha kisanduku kile wazi, na mchezo ukamjazia wenyewe siku ile ile alipozaliwa.

Kijana akaangalia, akanyamaza, kisha akasema kitu ambacho hakijanitoka kichwani: "Kumbe alikuwa ameshaandikiwa." Na juma lile hakwenda mazoezini. Mazoezi ya kweli, nasema, yenye jua na vumbi.

Sasa nyinyi mnaoandika programu, hebu tukae chini tuzungumze.

Mtindo huu si wa mchezo mmoja. Umetapakaa. Football Manager, ambao wengi wenu mmeumaliza usiku kucha, una namba mbili kwa kila mchezaji, uwezo wa sasa na uwezo wa mwisho, zote kwenye kipimo cha hadi 200. Ya pili imefichwa na haibadiliki. Zaidi ya hapo, kila nchi imepewa namba yake ya ubora wa vijana, na wachezaji wapya wanaozaliwa ndani ya mchezo huumbwa kwa kuitazama namba hiyo. Kwa hiyo kabla mtoto hajagusa mpira, pasipoti yake imeshamsemea.

Ukikivua nguo, msimbo wa ukuaji katika michezo ya namna hii unakaribiana na huu mstari mmoja:

uwezo = uwezo + (kikomo - uwezo) * 0.05

Uendeshe kila mwezi. Chukua vijana wawili, wote wana uwezo 60, kocha mmoja, saa zile zile za mazoezi. Mmoja ana kikomo 90, mwingine 150. Baada ya miezi 12 wa kwanza ana 74 hivi, wa pili ana 101. Mmeona? Kikomo hakingoji mwishoni kama ukuta. Kinafanya kazi tangu mwezi wa kwanza, kwa sababu ndicho kinachoamua kasi. Halafu kocha wa kompyuta anapanga kikosi kwa kuangalia uwezo wa sasa, yule wa 74 anakaa benchi, na mtazamaji anasema: unaona, hakuwa na kipaji! Mduara umefungwa. Namba aliyoitupa mwandishi wa programu kwa nasibu imejithibitisha yenyewe, na hakuna mtu katika mchezo mzima anayeweza kuithibitisha kuwa uongo.

Mimi naita huo uvivu. Sisemi wenye mchezo ni watu wabaya. Nimeandika programu miaka mingi, najua jinsi saa nane za usiku zinavyomfanya mtu achukue njia ya mkato. Unahitaji vijana wachache wawe nyota na wengi wasiwe, basi unagawa namba mlangoni, umemaliza, unalala. Lakini usije ukaniambia hiyo ni "simulizi" ya ukuaji wa mchezaji. Umeandika jibu juu ya karatasi ya mtihani, kisha ukamwachia mtoto misimu mitatu ahangaike na maswali.

"Ah, ni mchezo tu." Hili nililitarajia. Everton walitia saini mkataba wa kutumia hifadhidata ya Football Manager kusaka wachezaji mwaka 2008. Mwaka 2014 hifadhidata hiyo hiyo ikaunganishwa na huduma ya Prozone, ambayo kazi yake ilikuwa kuuzia klabu za kweli takwimu. Haukuwa mchezo tu tangu hapo. Na si Ulaya peke yake. Siku si nyingi nilikwenda kutazama majaribio ya vijana, sisemi ya nani wala mahali gani. Jamaa mmoja alisimama kando ya uwanja na simu, ndani yake programu yenye nyota, moja hadi tano, visanduku viwili kwa kila mtoto: SASA na BAADAYE. Kila kundi lilipewa dakika 20. Nikamuuliza kwa upole, hiki cha baadaye mnakijazaje? Akanijibu bila kuinua kichwa: "Kwa macho." Kwa macho! Mtoto amepanda matatu alfajiri kutoka milimani, hajanywa chai, viatu kaazima, na maisha yake ya baadaye yamejazwa kwa macho kabla ya saa nne.

Tuitazame hoki ya kweli basi, maana huko ndiko wamepima mambo haya. Mwaka 1985 Roger Barnsley na wenzake walichapisha utafiti kuhusu tarehe za kuzaliwa za wachezaji wa hoki wa Kanada. Walikuta katika ngazi za juu waliozaliwa miezi ya mwanzo wa mwaka ni wengi kupita kiasi, na wa miezi ya mwisho ni wachache. Kisa? Watoto wanagawanywa kwa umri kuanzia Januari 1. Mtoto wa Januari anamzidi wa Desemba karibu mwaka mzima wa misuli, anaonekana "ana kipaji", anachukuliwa timu bora, anapata kocha bora na mechi nyingi, na baada ya miaka kumi kweli anacheza vizuri zaidi. Kalenda imegeuka kipaji. Sasa nitafutie mstari wa msimbo wenye kalenda ndani ya mchezo wako.

Halafu kuna wale walioponyoka. Martin St. Louis alikuwa mfupi, hakuna timu ya NHL iliyomchagua siku ya kugawana vijana. Akaanzia huko huko kwenye ligi ndogo, Cleveland, kisha Saint John. Mwaka 2004 alibeba Stanley Cup na Tampa Bay na akawa mchezaji bora wa NHL. Pavel Datsyuk alichaguliwa wa 171 mwaka 1998, akaja kubeba kombe hilo mara mbili na Detroit. Ungewatengeneza wote wawili kwa msimbo wa kikomo, ungewapa 90 na kwenda zako kulala.

Na ile namba ya nchi ndiyo inayonichoma zaidi. Tuseme unaiandikia Kenya namba ya ubora katika hoki ya uwanjani. Ukiangalia miaka ya karibuni utaandika namba ndogo, kwani timu yetu ya wanaume ilionekana Olimpiki mara ya mwisho Seoul 1988. Lakini Kenya hiyo hiyo ilikuwa ya sita Tokyo 1964, na katika Kombe la Dunia la kwanza, Barcelona 1971, ilikuwa ya nne kati ya timu 10, nahodha wake Avtar Singh Sohal. Ya nne duniani! Kilichobadilika baada ya hapo si damu ya watoto. Wachezaji wengi wa zama zile walikuwa Wakenya wa jamii za Masingasinga na Wagoa, wenye klabu na viwanja vyao, na familia nyingi zilihama. Montreal 1976 hoki ya Olimpiki ikahamia kwenye zulia la plastiki, na Kenya haikucheza kule kwa sababu ya mgomo wa nchi za Afrika. Zulia ni ghali, linataka maji, na mtoto aliyejifunza kwenye udongo wa Voi, mahali ambapo mpira unaruka unavyotaka wenyewe, akipelekwa kwenye zulia anakuwa kama mgeni mjini. Andika basi zulia, andika klabu, andika nauli. Ukiandika "Kenya: 40" umefuta historia yote hiyo, na mtoto anaisoma kana kwamba ni kipimo cha damu yake.

(Barafu nayo tunayo, msicheke. Nairobi, kwenye Panari, barabara hii hii ya Mombasa inayopita hapa kwetu, kiwanja cha barafu kilifunguliwa 2005. Wakenya waliojifunzia hapo, Ice Lions, mwaka 2018 walipelekwa Kanada na kuingia uwanjani na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Mpangie hiyo namba.)

Julius Yego mnamjua. Alijifunza kurusha mkuki kwa kutazama video za YouTube, akawa bingwa wa dunia Beijing 2015 kwa mita 92.72. Katika nchi ya wakimbiaji, kompyuta gani ingempa kikomo kile?

Najua swali la mafundi: ukiondoa kikomo, si wote watakuwa nyota? Hapana. Mimi nimejaribu, na kwa wiki mbili sasa ninayo ligi yangu ndogo, timu nane: Voi, Mwatate, Wundanyi, Taveta, Bura, Werugha, Kasigau na Sagalla. Hoki ya uwanjani, wachezaji 11, robo nne za dakika 15. Hakuna kikomo popote. Kuna kasi ya kujifunza, nayo ni tofauti kwa kila stadi: mtu anaweza kuwa mzito kwa kupiga mpira na mwepesi kwa kuunyang'anya. Kuna dakika anazocheza, kuna kocha, kuna uchovu, kuna umri unaopunguza mbio. Kuna safari pia. Timu ya Taveta ikija Voi inasafiri zaidi ya kilomita 100, na saa hizo zinatolewa kwenye mazoezi ya juma lile. Vijana wengi hawafiki mbali. Wanakwama kwa sababu unazoweza kuzifuata mstari kwa mstari na kuzionyesha kwa kidole, na ukibadilisha sababu, matokeo yanabadilika. Ni kazi kubwa zaidi? Ndiyo. Ilinigharimu jioni kumi na moja na ugomvi mmoja wa nyumbani.

Sidai kwamba watu huzaliwa sawa. Kasi zangu nazo nimezigawa kwa nasibu, na mtu anaweza kunibana hapo, karibu. Ila kasi ndogo inajibu ukiiongezea muda, au kocha, au mechi. Kikomo hakijibu kitu.

Mpwa wangu nilimpa aijaribu Jumamosi. Akajitengeneza tena, jina lake, timu ya Voi, ligi yetu hii ya chini. Msimu wa kwanza dakika 9 kwa mechi. Wa pili akafika 31, nyumba nzima tukasikia kelele. Wa tatu akaachwa na timu! Nikajua sasa atanuna. Tukafungua kumbukumbu za mazoezi pamoja: alikuwa amempa kupiga mashuti tu, miezi 20 mfululizo, hajakaba hata siku moja, na kocha alikuwa akitafuta beki.

"Hii basi ni makosa yangu," akasema, na akacheka, akafuta faili, akaanza upya. Jumatatu alikwenda mazoezini. Jioni akarudi na dai jipya: niongeze majeruhi, kwa sababu kifundo cha mguu kinamuuma na anasema ligi yangu ni rahisi mno bila hayo.