Jina la Shirazi na Posa za Vijana Wetu

Shiraz ni mji wa Uajemi, walakini jina lake limetia nanga pwani yetu tangu zama za kale. Magofu ya msikiti na makaburi ya Tongoni, kusini mwa mji wa Tanga, hunasibishwa na Washirazi. Kilwa husimuliwa habari za Ali bin Hassan aliyekinunua kisiwa kwa nguo. Pemba, Tumbatu na Ngazija nako wamo wajiitao kwa jina hilo hilo.

Mwaka 2023 wataalamu waliochunguza mifupa ya makaburi ya kale, toka Manda hadi Kilwa, walieleza kuwa asili ya Uajemi iliingia zaidi kuumeni, na ya Afrika kukeni. Basi ajifakhirishaye kwa babu wa Shiraz asimsahau bibi yake wa hapa.

Twayasema haya kwa kuwa zingali posa zinazorudishwa kwa hoja ya nasaba, hali mposaji ana dini na tabia njema. Surat Al-Hujurat yatufunza kwamba makabila ni ya kujuana, na ubora ni wa ucha Mungu. Jina lililoikusanya pwani nzima lisitumike kuwatenga wana wetu.