Yaitwe Mahame

Wenzangu wanaocheza Tribal Wars hapa Kigali, ule mchezo wa mtandaoni wa kujenga na kuteka vijiji, wana kanuni moja: anza na vijiji vya washenzi. Ndivyo wanavyotafsiri jina ambalo watunzi wake, InnoGames ya Hamburg, wamevipa vijiji visivyo na mchezaji. Hesabu yao naikubali. Kijiji kina utiifu wa 100. Kila shambulio la kabaila huupunguza kwa 20 hadi 35, na ukiisha kijiji ni chako. Kabaila ni ghali, na kumpoteza kwenye ukuta wa mtu aliye macho ni hasara. Basi unatafuta kijiji kilicho karibu, chenye pointi nyingi, kisicho na jeshi.

Ninachokataa ni jina, maana ndilo linalofanya uchaguzi uonekane safi. Vingi vya vijiji hivyo vilijengwa na watu. Bwenini naona vinavyopatikana: jirani mgeni anavamiwa usiku na mchana, mbao, udongo na chuma chake vinabebwa kabla hajajengea chochote, mpaka anachoka na kuacha kuingia. Akaunti yake ikifutwa, waliomchosha wanakisogelea kijiji wakisema, "Hiki cha washenzi tu." Washenzi hao tumewatengeneza wenyewe.

Na sisi tunaosoma Kiswahili tuna sababu zaidi ya kuona haya. Kinywani mwa watu wa pwani wa enzi za misafara, mshenzi alikuwa mtu wa bara. Yaani babu zetu. Lugha hii ni rasmi Rwanda tangu 2017, nami naisoma kwa mapenzi, lakini sioni kwa nini tuitumie kujitukana, hata kwenye simu.

Nitaambiwa ni mchezo tu. Haya, basi kubadili neno hakutamgharimu mtu kabaila hata mmoja. Neno lipo kamusini: mahame, mahali palipohamwa na wakazi wake. Kiite kijiji hame, na swali linakuja lenyewe: nani alihama, na nani alimhamisha? Mimi huuliza hivyo kabla ya kutuma jeshi. Nikikuta mwenyewe ni wa mwaka wa kwanza aliyechoshwa na kundi letu, nakiruka, naenda kumpiga jirani mwenye ukuta wa daraja la 20, anayeweza kunijibu. Wenzangu wananicheka kwa makabaila ninaowapoteza huko.