Maji ya sinki lako yanaishia kwa nani?

Wadau, leo naomba tuweke siasa pembeni kidogo. Tuongelee sinki la jikoni. Najua yupo atakayesema mwandishi mzima kaishiwa habari! Subirini kwanza.

Sisi vijana tuliosoma tumehamia kwenye ghorofa. Sinza, Mikocheni, Upanga... Tunajua kuchagua pazia na tunajua bei ya vifurushi vya intaneti. Lakini muulize mtu chini ya sinki lake kuna nini, atakwambia kuna ndoo na dekio. Siku maji yakigoma kushuka anamimina dawa ya kuzibulia. Ikishindwa, anamimina nyingine kali zaidi. Maji yakishuka anasema limezibuka, maisha yanaendelea.

Hoja yangu ni fupi: kwenye ghorofa, sinki si la mtu mmoja. Majengo mengi yana bomba moja linaloteremka kutoka jiko la juu kabisa hadi la chini. Bomba hilo likiziba huko chini, maji ya ghorofa ya 4 hayarudi ghorofa ya 4. Yanatafuta tundu la karibu, yaani sinki la mama wa ghorofa ya chini. Yeye siku hiyo hata chai hajachemsha, lakini ndiye anayedeki maji yenye ukoko wa ubwabwa wa watu. Je, huo ni uungwana?

Anayeziba bomba ni nani? Mara nyingi ni mafuta. Ukimwaga mafuta ya kukaangia yakiwa moto yanapita vizuri, unaona mambo safi. Yakifika mbele yanapoa, yanaganda kwenye kuta za bomba. Kisha zinakuja punje za wali, machicha ya nazi, majani ya chai, vyote vinanasa hapo hapo. Msidhani ni tatizo la nchi maskini. Mwaka 2017 huko London, eneo la Whitechapel, walikuta bonge la mafuta yaliyogandamana na takataka ndani ya bomba la majitaka. Lilikuwa na urefu wa mita 250 na lilikadiriwa kuwa na uzito wa tani 130! Wenzetu walituma vikosi vikalivunja kwa wiki kadhaa. Sisi tuna kikundi cha wapangaji kwenye simu, ambako kila mtu anasema si yeye.

Sasa kabla hujamimina chochote, lisikilize sinki lako. Likiwa linachelewa lenyewe tu, na bafuni maji yanashuka vizuri, tatizo huenda liko karibu. Chini ya sinki kuna bomba lililopinda kama herufi U, au kikombe cha plastiki. Hapo pamewekwa makusudi pabaki maji ili harufu ya majitaka isipande ndani. Weka ndoo chini yake, fungua kwa mkono, toa uchafu, suuza, angalia mpira wa duara haujakatika, rudisha. Dakika 15 zinatosha, digrii haihitajiki. Kama sinki linanuka bila kuziba na ulikuwa safari, huenda maji ya hapo yamekauka. Fungulia maji kidogo tu.

Lakini sinki na bafu vikigoma kwa pamoja, au maji yakipanda kwako wakati wewe hujafungulia koki, usihangaike na dawa. Tatizo liko mbele, kwenye bomba la pamoja au kwenye chemba. Hapo gonga mlango wa jirani wa juu, umwombe asitishe kuosha vyombo kwanza, halafu tafuteni fundi kwa pamoja.

Na nyie wenye mashine ya kuoshea vyombo msicheke. Ikimaliza kazi na maji yakabaki chini, zima umeme, kisha toa chujio lililo sakafuni mwake ulioshe. Angalia mpira wa kutolea maji haujakunjika. Mara nyingi mpira huo umeunganishwa na bomba la sinki, kwa hiyo sinki likiziba na mashine nayo haitoi maji. Tena mpira unatakiwa upandishwe juu, karibu na meza ya jiko, ndipo uteremke. Ukilala sakafuni, maji machafu ya sinki yanaweza kurudi kwenye sahani zako.

Kinachoniuma zaidi ni hizi dawa kali. Fundi anayeitwa baada yako hajui ulimimina nini. Anapiga magoti, anafungua lile bomba usawa wa uso wake, na asidi au kostiki soda iliyotuama humo inamrukia machoni. Kama ulimimina, mwambie! Ni sentensi moja tu. Na usithubutu kuchanganya asidi na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Hapo unatengeneza gesi ya klorini, gesi iliyotumiwa kama silaha vitani huko Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Kwa ajili ya sinki kweli?

Wenye nyumba nao nawaambia. Kuna majengo ambayo chemba zimefunikwa kwa tofali za maegesho, mfuniko hauonekani. Likiziba, inabidi kubomoa. Mkataba unaeleza kodi, amana na hata misumari ya ukutani, lakini kuhusu nani anazibua bomba la pamoja, kimya. Matokeo yake analipa yule ambaye maji yamemfikia, yaani wa chini, asiye na kosa.

Kwa hiyo ndugu zangu, kabla ya kulipa kodi ya miezi 6, uliza chemba iko wapi na nani analipia kuizibua, kisha iandikwe. Weka chujio kwenye tundu la sinki. Kikaango kifute kwa karatasi kabla ya kukiosha. Mafuta yaliyochoka yaache yapoe, tia kwenye kopo, tupa na takataka. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji serikali, mfadhili wala semina.

Tunapenda kulalamika kwamba jiji linanuka. Ni kweli linanuka, na wanaohusika tutaendelea kuwaandika. Lakini kuna sehemu ya harufu hiyo inayoanzia kwenye kikaango chako, na kuna mtu huko chini anaidekia sasa hivi.

Nawasilisha.