Ngano ya Basotu ilihesabiwa magunia tu

Matrekta yalianza kuunguruma Basotu, wilayani Hanang, katika miaka ya 1970. Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, likisaidiwa na Kanada, lilifungua mashamba saba ya ngano yenye jumla ya ekari zipatazo 100,000. Fedha zilikuwepo, mitambo ilikuwepo, wataalamu walikuwepo. Ngano nayo ilistawi.

Kasoro ilianzia mezani, kabla trekta la kwanza halijawashwa.

Wachambuzi wa biashara, ambao kazi yao inahusu pia hospitali, shule na halmashauri, huanza na mambo sita: mabadiliko yanayotakiwa, hitaji lililoyaleta, suluhisho, wadau, thamani na mazingira. Chama chao cha kimataifa, IIBA, kilianzishwa mwaka 2003 mjini Toronto, katika nchi ileile iliyoleta matrekta Hanang. Kwa Wabarabaig, wafugaji wa Hanang, kilichelewa miaka thelathini na kitu.

Basotu suluhisho lilitangulia. Kilimo cha mitambo kilikuwa kimefanikiwa kwenye tambarare za Kanada, basi ikatafutwa tambarare ya kukifanyia hapa. Hitaji lilikuwa la kweli, kwa kuwa miji ilitaka mkate na serikali ilitaka kupunguza ngano ya kuagiza nje. Lakini aliyeishi pale alikuwa na hitaji lake. Mabonde yenye rutuba, ambayo Wabarabaig huyaita muhajega, ndiyo yaliyokuwa na malisho bora kuliko yote, nao waliyatumia kwa zamu kufuata majira, kisha wakahama ili nyasi zipumue. Mgeni aliyefika wakati mifugo imehama aliona ardhi tupu. Makaburi ya wazee wao, bung'eda, nayo hayakusalimika na jembe la trekta.

Mdau asiyeulizwa mapema huja baadaye na wakili. Mwaka 1981 Kijiji cha Mulbadaw na wanakijiji wake walifungua kesi dhidi ya NAFCO katika Mahakama Kuu, Arusha, wakashinda mwaka 1984. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Kisheria NAFCO ilipona, ila uhasama na majirani ulibaki. Baadaye mashamba ya NAFCO yakaingizwa kwenye ubinafsishaji, na sehemu ya ardhi ikagawiwa wananchi.

Watetezi wa mradi husema taifa lilipata ngano. Ni kweli. Tatizo ni kwamba thamani ilihesabiwa kwa magunia peke yake. Ng'ombe waliokonda na udongo uliosombwa na mvua kwenye mashamba hayo makubwa havikuwa na safu kwenye hesabu.

Je, siku hizi tunafanya vizuri zaidi? Serikali za mitaa zina utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, unaotaka mipango itoke kwa wananchi. Ni utaratibu mzuri, ingawa mara nyingi kikao huishia kwenye orodha ya majengo. Jengo huonekana na lina siku ya uzinduzi. Hitaji halikatiwi utepe.

Chukua zao la vitunguu saumu, ambalo Mbulu inasifika nalo. Tuseme wakulima wa Daudi, huko Mbulu, wanataka kujenga ghala kwa sababu bei huanguka wakati wa mavuno. Wazo linaingia akilini. Lakini kama mkulima huuza mapema kwa sababu ya ada ya shule na deni la pembejeo, ghala litabaki na popo. Huenda anachohitaji ni mkopo mdogo wa kumvusha miezi mitatu, au mnunuzi wa mkataba. Huenda ni ghala kweli. Atakayejua ni yule aliyeuliza.

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kuitishwa angalau kila baada ya miezi mitatu, kwa hiyo mahali pa kuuliza papo. Karatasi ya mradi inayoletwa hapo ianze na safu ya hitaji na majina ya watakaoguswa, wakiwemo wasiohudhuria: mchungaji aliyehama na mifugo, kijana aliyekodi shamba, mama anayechambua vitunguu kwa kibarua. Safu ya gharama iachwe wazi mpaka hao wote wafikiwe, hata kama fundi ameshakuja kupima kiwanja.