Grafu Safi Si Saketi Safi

Wasee wa elektroniki hapa Kisumu, tuache kuabudu grafu.

Nilichora bodi ya taa ya wavuvi wa omena. Kwa laptopu, hata na waya mrefu, ishara ilinyooka kabisa. Kwa bodi yenyewe, ikaruka-ruka kama boti ziwani upepo ukivuma. Doo ikaenda hivyo.

Kosa ni langu. Niliamini modeli ya IBIS bila kuuliza ilipimwa vipi. IBIS ilianzia Intel, toleo la kwanza likatoka 1993, ili kampuni zionyeshe tabia ya chipu bila kutoa siri za ndani. Ni majedwali tu: volti hii, mkondo huu, muda huu, volti hii. Na yalipimwa kwa mzigo fulani.

Sasa bafa yenye fidibaki huangalia pini yake ya kutoa, halafu inabadilisha nguvu yake. Ni kama mama wa samaki pale Dunga: akikuona sura, bei inabadilika. Ukinakili bei alizompa mteja mmoja Jumatatu, usiseme umemjua. Daftari halina macho.

Mtaniambia modeli ya transista ni nzito, tena kampuni huificha. Kweli. Na kwa bafa za kawaida IBIS iko sawa. Lakini kukiwa na fidibaki, itafute hiyo modeli nzito, ama pima bodi moja na mizigo tofauti kabla ya kuagiza kumi. Laptopu haitakurudishia pesa.